Sauti ya Mshitaki Moyoni

Somo kwa walimu, makatekista na wazazi

Kusudi la somo. — Kuwafahamisha wakubwa asili ya ile sauti ya moyoni inayomwambia mtu ya kuwa hafai. Kuwafundisha kuitenga na dhamiri. Na kuwaonyesha namna ya kuipima, ili wasije wakaipanda wao wenyewe katika mioyo ya watoto.

I. Mtoto aliye mbele ya ubao

Karibu kila darasa lina mtoto wa namna hii. Mwalimu ameandika hesabu ubaoni: franka 100 zigawanywe kwa watu 4. Anamwita mtoto aliyeketi benchi la nyuma. Mtoto huyo anajua kugawanya. Jana, chini ya mti, aliwagawia wadogo zake maembe bila kukosea hata moja. Lakini leo anasimama polepole, anashika chaki, anazitazama tarakimu, naye haioni tena hesabu. Anasikia neno jingine ndani yake: «Utakosa. Wewe hukosa siku zote. Watakucheka.» Mkono unatetemeka. Anaandika 20, anafuta. Anaandika 25, nayo ni sawa, lakini anaifuta pia. Kisha anaweka chaki na kurudi mahali pake. Wenzake wanacheka. Mwalimu anasema: «Nilijua.»

Basi, ni nani aliyemshinda mtoto yule? Si hesabu, kwa maana jibu la kweli aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Aliyemshinda ni yule aliyemwambia alifute. Tena lile neno la mwalimu, «Nilijua», halikuisha pale darasani. Kesho litarudi, wala halitarudi kwa sauti ya mwalimu: mtoto atajiambia mwenyewe.

Jambo hili si la watoto tu. Yuko mama anayejua kuongoza wenzake, naye hukataa kusema mkutanoni. Yuko kijana aliyepewa kazi kwa haki, naye hulala usiku akiogopa kwamba watu watagundua ya kuwa hakustahili. Wote wana mshitaki mmoja, anayekaa ndani na kuhukumu bila kusikiliza mashahidi.

II. Sauti hiyo hutoka wapi?

Wengi hudhani ya kuwa mashaka ya namna hii huzaliwa pamoja na mtu, kama umbo la pua yake. Ni kweli kwamba watoto hawalingani kwa tabia: mmoja ni mwoga, mwingine ni mwepesi wa kuthubutu. Lakini hakuna mtoto mchanga anayejidharau. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara nyingi kwa siku, naye huinuka bila kuona aibu. Maneno ya kujishitaki huja baadaye, nayo huingia kwa mlango wa masikio.

Mtaalamu wa mambo ya akili aitwaye Lev Vygotsky, wa Urusi, aliyefariki mwaka 1934, alichunguza jinsi usemi wa watoto unavyokua, naye alionyesha hatua tatu. Kwanza, mtoto husema na wengine: huuliza, huitikia, huamriwa. Pili, huanza kujisemea kwa sauti anapocheza au anapofanya kazi: «Weka hiki hapa, la, si hapo.» Tatu, kadiri anavyoendelea kukua, sauti ile hushuka, maneno hufupishwa, mpaka yanakuwa usemi wa ndani usiosikika na mtu mwingine. Hivyo mtu mzima anapofikiri kwa maneno, huendeleza ndani yake mazungumzo aliyoyaanza zamani pamoja na wakubwa wake.

Jambo hili lina faida kubwa. Mtoto aliyeambiwa mara nyingi «Taratibu, tazama tena» atajiambia hivyo hivyo siku atakapokuwa peke yake mbele ya kazi ngumu. Lakini mlango unaopitisha shauri jema hupitisha na tusi pia. Aliyeitwa «kichwa kigumu» kila siku hujifunza kujiita kwa jina hilo. Ndiyo maana wazee walisema kwamba ulimi unauma kuliko meno: jeraha la jino hupona, bali neno huhamia ndani na kufanya makao.

Chemchemi za sauti hii ni nyingi, lakini tatu ni kubwa kupita nyingine.

Chemchemi ya kwanza ni nyumba. Mwaka 1978, wataalamu wawili wa Marekani, Pauline Rose Clance na Suzanne Imes, walieleza habari za wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamepata shahada za juu au kuheshimiwa katika kazi zao. Ijapokuwa walikuwa na ushahidi huo wote, wengi wao waliamini ya kuwa hawana akili, na ya kuwa wamewadanganya watu. Katika malezi yao wataalamu hao waliona njia mbili. Wengine walikuwa na ndugu aliyetajwa nyumbani kuwa ndiye mwenye akili, na wao wakapewa sifa nyingine, kama vile upole. Wakatumia miaka yao kujaribu kuubatilisha uamuzi huo wa nyumbani, bila kuuamini ushindi wao wenyewe. Wengine walisifiwa kupita kiasi tangu utoto, wakaambiwa wanaweza kila kitu bila taabu. Walipokutana na kazi ya kuwatoa jasho, wakaona ya kuwa sifa zile zilikuwa uongo, na ya kuwa wao ni wajinga. Wazazi na waangalie: si tusi peke yake linalopanda mashaka. Kulinganisha watoto hupanda, na sifa zisizo na kipimo hupanda.

Chemchemi ya pili ni shule. Matokeo husomwa mbele ya wazazi wote, kutoka wa kwanza hata wa mwisho, na yule wa mwisho husikia jina lake likifuatwa na kicheko. Kosa moja la hesabu, ambalo ni jambo la dakika moja, hugeuzwa kuwa jina la mtu. Mtoto husema moyoni, «Mimi ni wa mwisho», naye angaliweza kusema, «Sikujifunza bado kugawanya.» Maneno hayo mawili yako mbali sana: la kwanza hufunga mlango, la pili huuacha wazi.

Chemchemi ya tatu ni nchi yenyewe, yaani namna wenye nguvu wanavyowatazama wengine. Hapa Kongo wazee wanajua habari hiyo. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mwanamume mzima aliyefanya kazi katika nyumba ya Mzungu aliitwa «boi», hata akiwa baba wa watoto wanane. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa njema ya raia, na mwaka 1952 sheria ya kuandikishwa, kwa Wakongo waliotaka kuhesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyeiomba hadhi hiyo alichunguzwa, na maisha ya nyumbani mwake yakapimwa na watu wengine. Hebu mwalimu afikirie moyo wa mtu mwenye heshima kwao, anayesimama nyumbani mwake akingoja wageni waamue kama anastahili kuitwa mtu aliyestaarabika. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na kadi zile zimekwisha. Lakini sauti haifutwi kwa sheria siku moja, baba huweza kumrithisha mwanawe bila kujua, kila anaposema, «Mambo haya si ya watu kama sisi.»

Jambo hilo lilionekana wazi Marekani pia, mahali ambapo watoto weusi na weupe walitengwa mashuleni. Katika miaka ya 1940, Kenneth Clark na mkewe Mamie, wote wawili wataalamu weusi, waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 vidoli vya rangi mbili, vyeusi na vyeupe, wakawauliza kipi ni kizuri, kipi ni kibaya, na kipi kinafanana nao. Walio wengi walichagua cheupe kuwa ndicho kizuri. Walipofikia swali la mwisho, wengine walilia. Watoto hao hawakusoma kitabu chochote kilichowaambia wajichukie. Walivuta dharau hiyo kama hewa. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto mashuleni kwa sababu ya rangi ni kinyume cha katiba, na katika hukumu yake ikataja madhara yanayoipata mioyo ya watoto.

Mtu ataweza kuuliza: Ikiwa sauti hii inaumiza, kwa nini mtu anaiweka? Ni kwa sababu hujifanya mlinzi. Mtoto anayechekwa hujifunza kujikaripia kwanza, ili karipio la wengine lisimwume sana. Hujiambia «Usijaribu», ili asianguke mbele ya watu. Hivyo mlinzi huyo humkinga na aibu ya siku moja, lakini humnyang'anya miaka mingi.

III. Sauti hiyo si dhamiri

Hapa pana hatari ambayo katekista hana budi kuiangalia sana. Watu wengi, hasa wenye moyo wa ibada, huisikia sauti ya mshitaki na kuidhani kuwa ni dhamiri. Hudhani kwamba kujidharau ni unyenyekevu. Sivyo. Dhamiri na mshitaki hutofautiana kwa alama tatu.

Alama ya kwanza: dhamiri hutaja tendo, mshitaki humtaja mtu. Dhamiri husema, «Ulimdanganya jirani yako jana kuhusu bei ya mbuzi.» Mshitaki husema, «Wewe ni mtu mbaya.»

Alama ya pili: dhamiri huonyesha njia, mshitaki huifunga. Dhamiri husema, «Nenda, mrudishie kilicho chake.» Mshitaki husema, «Hata ukienda, hakuna kitakachobadilika.»

Alama ya tatu: dhamiri hunyamaza kosa likitengenezwa, mshitaki hanyamazi kamwe. Ukimjibu neno moja, huleta la pili.

Mfano ulio wazi uko katika maisha ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1491. Alikuwa askari, akajeruhiwa mguu huko Pamplona mwaka 1521, akaongoka alipokuwa akiuguza jeraha lake. Mwaka 1522 alifika katika monasteri ya Montserrat, akaungama dhambi za maisha yake yote kwa maandishi, kazi iliyochukua siku tatu. Kisha akashuka kwenye mji mdogo wa Manresa. Huko mashaka yakamvamia. Alifikiri ya kuwa dhambi fulani aliisahau, au hakuieleza sawasawa. Akaungama tena, na tena, wala hakutulia. Muungamishi wake akamwamuru asitaje tena mambo ya zamani, isipokuwa jambo lililo wazi kabisa. Shauri hilo lilikuwa jema, lakini halikumfaa kitu, kwa sababu machoni pake kila jambo lilikuwa wazi.

Alisali saa saba kila siku. Alifunga chakula juma zima, mpaka muungamishi akamkataza. Akafikia hatua ya kujaribiwa ajitupe katika shimo lililokuwa chumbani mwake. Mtu huyo hakuwa mvivu wa kutubu, wala hakukosa juhudi. Juhudi yenyewe ndiyo iliyokuwa kuni za moto ule.

Aliponaje? Hakupona kwa kumjibu mshitaki swali baada ya swali. Alipona siku alipoacha kuuliza, «Je, nimesahau nini tena?», akaanza kuuliza, «Wazo hili limeingia kwa mlango gani, nalo linanipeleka wapi?» Akaona ya kuwa lilimpeleka kwenye kukata tamaa na kifo, wala si kwenye uzima; akaazimu kutoungama tena mambo ya zamani. Tangu siku ile akawa huru. Baadaye, kati ya mwaka 1553 na 1555, alimsimulia mwenzake habari hizo zikaandikwa, na katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho akaweka kanuni kwa ajili ya watu wenye mashaka ya namna hiyo. Kwa Kilatini mashaka hayo huitwa kwa neno lenye maana ya kijiwe kidogo chenye ncha. Jina hilo lafaa sana: kijiwe kilichoingia katika kiatu humzuia mwendaji, wala hakiondoki kwa kutembea kwa bidii zaidi. Sharti asimame, avue kiatu, akitoe.

IV. Namna ya kumpima mshitaki

1. Kumsikia na kumtaja. Maadamu sauti inasema gizani, mtu huidhani kuwa ni ukweli wenyewe. Afadhali aandike maneno yake kwenye karatasi, kama yalivyo: «Utakosa. Wewe hukosa siku zote.» Neno lililoandikwa laweza kutazamwa.

2. Kuuliza asili yake. Neno hili nililisikia wapi kwanza? Kwa nani? Nilikuwa na miaka mingapi? Mara nyingi mtu hushangaa kuona ya kuwa hukumu anayoichukua kwa miaka thelathini ilitolewa na mtu aliyekuwa na hasira ya dakika moja.

3. Kuita mashahidi. Hakuna baraza la wazee linalomhukumu mtu kwa kumsikiliza mshitaki peke yake. Mshitaki anasema «siku zote». Basi na aonyeshe siku hizo. Yule mtoto wa ubaoni aligawa maembe jana bila kukosea: huyo ni shahidi, naye asikilizwe.

4. Kutenda jambo dogo. Mtaalamu Albert Bandura alieleza mwaka 1977 ya kuwa mtu hupata imani katika uwezo wake kwa njia nne: kwa kufaulu yeye mwenyewe katika kazi, kwa kuona wenzake wanafaulu, kwa kutiwa moyo kwa maneno, na kwa namna anavyoielewa hali ya mwili wake, kama vile moyo kwenda mbio. Yenye nguvu kupita zote ni ile ya kwanza. Maneno matamu peke yake hayamshindi mshitaki. Tendo lililotimizwa, hata likiwa dogo, humshinda.

5. Kumwambia mtu mwaminifu. Inyasi alikuwa na muungamishi. Mwingine atamwendea rafiki, mzazi au mwalimu. Na ikiwa mtu amefikia hatua ya kukosa usingizi, kuacha kula, au kusema kwamba afadhali afe, jambo hilo si la kukemewa wala kuitwa upungufu wa imani. Asiachwe peke yake, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

V. Wajibu wa mwalimu na mzazi

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila mwalimu anaandika mahali pawili: ubaoni na moyoni mwa mtoto. Maandishi ya ubaoni hufutwa jioni.

Basi, asahihishe kosa wala asimhukumu mkosaji. Aseme, «Hatua hii si sawa, rudi hapa», asiseme, «Wewe hujui kitu.» Asiruhusu kicheko darasani mtu anapokosea. Asiwalinganishe ndugu wawili; amlinganishe mtoto na hali yake mwenyewe ya mwezi uliopita.

Hata katika kusifu, atumie busara. Mwaka 1998, Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walionyesha tofauti ya sifa mbili. Watoto waliosifiwa kwa kuwa na akili, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walilegea upesi, na kazi yao ikarudi nyuma. Waliosifiwa kwa bidii yao waliendelea kujaribu. Kwa hiyo ni afadhali kusema, «Ulijaribu njia mbili mpaka ukaipata», kuliko kusema, «Una akili sana.» Sifa ya kwanza humwonyesha mtoto njia atakayoirudia kesho, ya pili humtia hofu ya kupoteza jina lake.

Tena mkubwa asione haya kukosea mbele ya watoto na kujisahihisha. Mwalimu anayesema kwa utulivu, «Nimekosea hesabu hii, na tuitazame tena», anawapa watoto maneno watakayojiambia wao wenyewe maisha yao yote.

VI. Maswali

1. Ni nani aliyemshinda mtoto mbele ya ubao?
2. Usemi wa ndani hutoka wapi, nao hukua kwa hatua gani?
3. Taja chemchemi tatu kubwa za sauti ya mshitaki.
4. Kwa alama zipi mtu huitenga dhamiri na mshitaki?
5. Kwa nini amri ya muungamishi haikumfaa Inyasi, naye alipona kwa njia gani?
6. Kwa nini sifa nyingi mno huweza kuleta mashaka?

VII. Azimio

Juma hili kila mwalimu, na kila mzazi, amkumbuke mtoto mmoja ambaye alipata kumwambia neno la kumvunja moyo. Asingoje mtoto alisahau, kwa maana halisahauliki. Amwite peke yake, akiri ya kuwa neno lile halikuwa la haki, kisha ampe kazi ndogo anayoiweza.

Na yule mtoto wa benchi la nyuma aitwe tena ubaoni. Mwalimu asimkaripie, wala asimsifu bure. Amwambie tu: «Juzi uliandika 25, nayo ilikuwa sawa. Iandike tena, na safari hii usiifute.»